Kioo cha Mama Chapa

Mtaa mzima ulimwita yeye Mama Chapa na mumewe Fundi, na kati ya majina hayo mawili, la mke ndilo lililojulikana zaidi. Hakuna mgeni aliyeelekezwa kwa Fundi. Wageni walielekezwa kwa Mama Chapa, "yule wa mlango wa buluu, mume wake anatengeneza kompyuta." Fundi hakuona wivu. Alijua kwamba mtu humkumbuka fundi pale tu mambo yanapomharibikia, lakini barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na risala za wanaostaafu, ambazo mkewe aliwachapia watu, hazikomi mwaka mzima.

Mama Chapa alifanyia kazi katika chumba alimokuwa akilala binti yao kabla hajaolewa. Dirisha lilikuwa kushoto, meza ilibana ukuta, na printa ilikaa juu ya kabati la nguo lililokatwa miguu ili lifikike. Kibodi hakuitazama kabisa. Alijifunza kuchapa akiwa msichana, kwenye mashine za chuma, mwalimu akiwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa, na tangu hapo vidole vyake vilikuwa na akili zao. Angeweza kukuuliza hali ya mgonjwa wako, akakutania kwa mwandiko wako ulioparamia mistari, na mikono ikaendelea na kazi kama haimsikii. Fundi, aliyejua kila waya uliomo ndani ya mashine ile, alichapa kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Hapo mkewe hakumwacha salama.

"Unatafuta nini humo, Baba? Umeangusha sindano?"

Siku ya kwanza Mama Chapa alipolalamika, alilalamika kwa mzaha, kama mteja aliyekuja dukani. "Fundi, kioo chako hiki kina giza pembeni."

Fundi akakifuta kioo cha kompyuta, akaongeza mwanga, akabadilisha waya. "Sasa je?"

"Sasa afadhali."

Hiyo "afadhali" ilikuwa ya kumfurahisha tu, ila Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Baadaye kidogo ikawa kipanya. Mama Chapa alisema mshale unamtoroka; anauacha mahali, akirudi haupo. Fundi akaleta kipanya kipya. Kisha ikaja chai. Mkono wa kulia ulikipiga kikombe ambacho kilikuwa palepale kinapokaa kila siku, na kibodi ikanywa chai yote. Fundi alicheka, akasema hata kompyuta huona kiu, akanunua kibodi ya kisasa, nyembamba, yenye taa chini ya herufi. Mama Chapa aliipapasa, akasema haina mwili. Kibodi ya zamani ilikuwa na vinundu viwili vilivyosimama vizuri pale vidole vya shahada vinapotulia. Vya hii mpya vilikuwa kama vimefutwa kwa msasa.

"Utaizoea," Fundi alimwambia.

Kazi ndiyo ikaanza kutoa siri. Mwalimu wa jirani alirudisha mitihani: alama za kila swali, zile za kwenye mabano mwisho wa mstari, hazikuwepo ukurasa baada ya ukurasa. Mama Chapa hakubabaika. "Kompyuta inasumbua, mwalimu. Fundi anaishughulikia." Akarudia maneno hayohayo kwa mama wa ushirika ambaye taarifa yake ilikatika pembeni, na kwa kijana ambaye barua yake ilikosa tarehe. Basi mwalimu alipopita kwenye duka la Fundi la kutengeneza kompyuta, akaegemea kaunta na kumtupia kijembe.

"Ama kweli mfinyanzi hulia gaeni. Za watu unatengeneza, ya mkeo imekushinda?"

Fundi alicheka, lakini maneno yalimchoma. Jina lake lilikuwa ndilo mali yake. Akaapa kwamba mashine ile ya nyumbani ataifufua mpaka mtaa ushangae. Akaifungua, akaipiga brashi, akatoa vumbi la kujaza kikombe. Akaiongezea kumbukumbu, akaitia diski mpya ya kasi na kadi ya picha ambayo mteja mmoja alikuwa akiililia. Mwisho akaleta kioo kipana kilichotoka kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa, kipana kiasi kwamba printa ilibidi isogee.

"Haya, bibie. Sinema hiyo."

Mama Chapa alikaa. Aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, kisha kushoto tena, kama mtu anayetaka kuvuka barabara.

"Ni kizuri sana," alisema.

"Umekipenda?"

"Nimekipenda."

Siku chache baadaye alimwandalia chai, akakaa naye mpaka akaimaliza, ndipo akasema, "Baba, usikasirike. Nirudishie kile kidogo."

Fundi alikasirika. Alikuwa amejipinda mgongo juu ya ile mashine, amechekwa mtaani kwa ajili yake, na sasa kioo ambacho kila mtu angekililia kinakataliwa. Akasema neno ambalo angetamani baadaye kulimeza. "Kompyuta haina tatizo. Tatizo ni wewe." Akachukua mfuko wake wa bisibisi, akaenda dukani bila kuaga.

Huko alimkuta mteja na mashine iliyokuwa ikijizima. Fundi alikuwa na utaratibu wake, na kila aliyewahi kujifunza kazi kwake aliukariri: usibembeleze kifaa unachokishuku. Kihamishie kwenye mashine nyingine. Tatizo likibaki kwenye mashine ya kwanza, hakina hatia. Tatizo likikifuata, ni chake.

"Umeshabadilisha nini?" alimwuliza mteja.

"Kila kitu, Fundi. Nimechoka."

"Kila kitu isipokuwa nini?"

Mteja alijibu, lakini Fundi hakulisikia jibu. Alibaki ameshika bisibisi, akijisikia mwenyewe akiuliza. Waya, kipanya, kibodi, kadi, kioo. Pale nyumbani naye alibadilisha kila kitu. Kilichobaki kilikuwa kimekaa kwenye kiti, kikimwambia "sasa afadhali." Alimwomba mteja radhi, akampigia mkewe simu.

"Mama, njoo dukani mara moja. Kuna mashine nataka uijaribu."

Alisimama mlangoni kumsubiri. Alimwona akija polepole, mkono ukigusa ukuta, na hakukumbuka ni lini alianza kutembea hivyo. Mlango wa duka la jirani ulikuwa wazi, umetokeza njiani upande wa kulia. Mama Chapa aliukumba kwa bega. "Samahani, ndugu yangu," aliuambia ule mlango, akaendelea na safari.

Fundi hakutania. Alimkalisha mbele ya kompyuta nzuri kuliko zote, ya mteja, ambayo haikuwa hata na alama ya kidole. "Andika chochote." Vidole vikakimbia. Aliandika jina la binti yao, na la mjukuu, na kwamba leo kuna joto.

"Kioo kikoje?"

"Kizuri. Kinang'aa." Halafu mikono ikasimama. Fundi akaanza kuomba moyoni asiseme. "Lakini Baba, hata hiki kina giza pembeni."

Tatizo lilikuwa limemfuata. Maisha yake yote Fundi hakuwahi kuombea kipimo chake kikosee, siku hiyo aliomba. Aliinama chini ya meza, katikati ya waya na vumbi, akalia huko akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Unafanya nini huko chini?"

"Waya umelegea."

Daktari wa macho alikuwa mpole, na upole wake ulitisha zaidi. Alisema ni presha ya macho. Alisema haina maumivu, huanza kula pembeni na kuja katikati kidogo kidogo, na mwenyewe hudhani taa ndiyo hafifu. Ilichokwisha kula hairudishi. Angewapa dawa ya matone ili kujaribu kulinda kilichobaki, ingawa kilichobaki kilikuwa kidogo. Kisha akauliza ilianza lini. Mama Chapa alisema hajui. Fundi alijua. Ilianza siku alipobadilisha waya.

"Mngewahi," daktari alisema akiandika, bila kumlaumu mtu, na Fundi akalaumika mpaka kwenye mifupa. Kioo kile kipana kilimrudia akilini. Macho ya mkewe yalikuwa yakifinywa, naye alikuwa akimpanulia dirisha na kumnunia kwa nini haangalii nje.

Njiani kurudi alimwomba msamaha kwa lile neno alilosema. Mama Chapa alimshika mkono.

"Nilijua si kioo," alisema. "Kile kikubwa kilipokuja, nikajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Halafu niliogopa. Nilitaka iwe ni kompyuta, Baba. Kompyuta ina fundi."

Matone yaligombana na giza, na giza likashinda. Fundi alirudisha kioo kidogo, akakuza herufi mpaka neno moja likajaza mstari. Herufi zikamezwa vilevile. Akatafuta programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, na Mama Chapa alicheka mpaka akashika ubavu. "Izime hiyo, itanitukania wateja. Soma wewe." Kwa hiyo yakawa ndiyo maisha yao: mwalimu anasoma karatasi yake kwa sauti, Mama Chapa anachapa, jioni Fundi anamsomea alichochapa. Wateja walipungua kwa adabu, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu nzuri. Yeye aliendelea kuwaambia kompyuta inasumbua.

Alasiri moja Fundi alikuwa akisafisha printa pale chumbani, na Mama Chapa akaketi mezani bila kuwa na karatasi ya mtu yeyote. Akaanza kuchapa, haraka, bila kusita, kama zamani. Sauti ile ilimjaza Fundi furaha ambayo hakuthubutu kuionyesha.

"Nisomee," alisema alipomaliza.

Fundi akafuta mikono, akasogea. Juu kabisa paliandikwa *Lismxos ;rp*, na mistari yote iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, fujo tupu. Alielewa mara moja. Vidole havikukosea hata kimoja. Vilianzia tu kitufe kimoja kulia, kwenye kibodi ile nyembamba isiyo na vinundu, aliyoileta yeye. Akavuta pumzi. Kila herufi aliirudisha hatua moja kushoto kichwani, akaanza kusoma.

"Kuanzia... leo... sichapi... tena."

Mama Chapa alikuwa ameelekeza uso dirishani, anasikiliza.

"Mwenye... karatasi zake... aje... azichukue. Asanteni... kwa kuniamini." Mstari wa mwisho ulimchukua muda kuliko yote, kwa sababu alishaanza kuuelewa kabla ya kuumaliza. "Kompyuta... ni nzima. Fundi... asilaumiwe."

"Mbona unasoma kama mtoto wa darasa la kwanza?"

"Macho yamechoka."

"Basi itoe kwenye printa, ubandike mlangoni."

Isingeweza kubandikwa vile. Fundi aliivuta kibodi kwake, akaanza kuandika yote upya kwa vidole vyake viwili.

"Unaandika nini?"

"Narekebisha mstari mmoja tu."

Mama Chapa alisikiliza. Alikuwa ameishi kwa sauti ya vitufe, na hakuna ambaye angemdanganya kwa sauti hiyo. Fundi alipita mstari mmoja, akapita miwili.

"Nilianza vibaya," alisema Mama Chapa.

"Kidogo."

"Kwa herufi ngapi?"

"Moja."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Alijifuta uso kwa kiganja, taratibu, bila kutoa sauti. "Ile sentensi ya mwisho umeshaiandika?"

"Bado."

"Iandike."

Fundi aliinamia kibodi. Alitafuta K, na vitufe vyote vilikuwa vimeyeyuka kuwa mwanga mmoja wa buluu unaocheza kwenye maji. Kidole chake kikabaki hewani.

"Unatafuta nini humo, Baba?" aliuliza, na safari hii hakuwa akitania.

"K. Siioni."

Mama Chapa alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata ukingo wa kibodi, akahesabu vitufe kutoka pembeni kwa ncha ya kidole. Akambonyezea. Fundi alipofuta macho akatazama, ilikuwa K kweli.