Ukuta wa Wachambua Kahawa

Bado nina hasira, na sioni haya kusema.

Mama yangu alichambua kahawa miaka mingi katika kiwanda kimoja cha zamani, kule eneo la viwanda hapa Kampala. Wanawake wa pale walikuwa na desturi yao. Aliyetoka kujifungua, siku aliyorudi kazini, alichukua msumari akachora mstari kwenye plasta chini ya dirisha. Mstari mmoja, mtoto mmoja, bila jina. Wangu ulikuwamo. Nilisikia habari za ukuta huo tangu tukiwa kambini, maana baba alikuwa mwanajeshi, lakini sikuwahi kuuona. Watoto hawakuruhusiwa ndani.

Tuliposikia kiwanda kimeuzwa na kitabomolewa, Mama alikuwa hawezi tena kutembea. Akaniambia kwa Kiswahili chetu cha kambini, "Wewe kila siku napiga picha nyumba ya watu. Sasa leta yangu mimi nione." Alikuwa na haki. Miaka yote hii nazunguka na kamera ya filamu nikipiga magodauni na mabomba ya moshi, nyeusi na nyeupe tu, kwa sababu rangi humzuga mtu asizione nyufa. Hiki kimoja nilikiahirisha kana kwamba kitaningoja.

Nikaenda. Lango lilikuwa wazi, nikaingia, na ukuta nikaukuta. Mistari ilikuwa mingi kuliko nilivyodhani, mingine imefifia, mingine imechimbwa kwa nguvu. Nilipiga magoti kwenye vumbi la makapi, nikamaliza filamu nzima. Nilikuwa nalia.

Nilipotoka, askari wa lango akanizuia, akiniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, nani likuruhusu? Barua iko wapi?"

Sikuwa nayo.

"Basi futa hiyo mapicha yote."

Nikamweleza kwamba kamera hii haifuti, ni ya filamu. Akadhani namfanya mjinga. Akaninyang'anya, akaipapasa, akaufungua mgongo wake kwenye jua la mchana, akaivuta filamu yote mpaka mwisho, mwanga ukaiunguza. Kisha akainyanyua juu kuitazama.

"Picha iko wapi? Hapa hakuna kitu. Sasa wewe nalalamika nini?"

Asiyejua maana haambiwi maana. Nilimtukana kwa Kiswahili cha kambini, na sijutii. Lakini ghadhabu yangu kubwa si kwake. Ni kwa wale waliomweka alinde jengo ambalo wao wenyewe wanalivunja. Wanalilinda dhidi ya nani? Dhidi ya watoto wa waliochakaa humo?

Nikaomba barua. Karani akaniambia njoo kesho, bosi hayuko. Nikaja kesho, akaniambia Jumatatu. Jumatatu bosi alikuwa mkutanoni. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: barua ilipotoka, ina muhuri na saini mbili, tingatinga lilikuwa limeshamaliza kazi yake. Askari yuleyule aliisoma neno kwa neno, akanifungulia lango kwa heshima zote.

"Sasa piga, nyabo. Iko na ruhusa."

Mbele yetu palikuwa na kifusi. Nilimwachia barua yake, nikaondoka bila kumuaga.

Mama nilimwambia ukweli. Nilidhani atalia, lakini hakulia. Alitaka nimweleze kwa mdomo, basi nikaanza: mistari mirefu, mifupi, mmoja umepinda karibu na bawaba ya dirisha.

Akanishika mkono. "Hiyo ya kupinda, kando yake likuwa na nyingine ndogo, ndogo sana? Hiyo ndiyo wewe. Ulizaliwa mapema, mimi likuwa bado haina nguvu ya kuchora."

Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ukuta kabisa, jicho kwenye kamera, nikiiachia filamu ikumbuke kwa niaba yangu.

"Sijui, Mama," nikasema.