Keremkerem Kwenye Kamba ya Wifi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa dunguni kabla sijaonyeshwa hata choo kiko wapi. Dungu ni jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya mpunga, ili anayeamia ndege aone shamba lote. Na kuamia, nyinyi wajukuu mliozaliwa na simu mkononi, ni kulinda nafaka kwa kuwafukuza ndege. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi hapa Garsen. Meneja wa Skimu ya mpunga, mtu wa bara asiyevua kofia hata akiwa kivulini, alisimama chini ya dungu akaniuliza, "Wewe Fatuma, unaweza kupiga kelele?"

Nikampigia moja, "Hoooi-haa!" Yangeyange wote waliokuwa mferejini wakainuka.

"Ala! Basi, basi!" akasema, vidole masikioni. "Kazi umepata. Lakini hao weupe uliowafukuza ni vibarua wangu. Wanakula panzi, hawagusi mpunga."

Bwana Shamba, aliyekuwa nyuma yake, akanipa neno lililonifaa maisha yangu yote: "Mjue kwanza, ndipo umfukuze."

Jioni nilirudi nyumbani sauti imekauka. Wifi yangu Zainabu, dada wa mume wangu ambaye sasa ni marehemu, alikuwa barazani kwenye cherehani yake, kivulini, amejifunga leso safi. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wifi, umeolewa na kaka yangu au na ndege?" Nilicheka naye. Moyoni nikasema, huyu na kivuli chake tutaonana.

Sasa niwaambie kazi yenyewe. Ndege humtambui kwa rangi peke yake, maana jua la Tana linaweza kumgeuza yeyote mweusi. Unaanza na mdomo: mnene na mfupi, huyo ni mla nafaka, mrefu na mwembamba, mwache apite. Halafu mruko. Kwelea wanakuja wengi kama moshi, na moshi wote unageuka mara moja. Mnana, wale wa manjano wanaosuka viota juu ya maji, wanakuja kwa mafungu, na utawasikia wakigombana kabla hujawaona. Tetere huokota zilizoanguka, hana neno. Wakati wa hatari ni mpunga unapotia maziwa, yaani ukiiminya punje inatoa utomvu mweupe. Hapo hakuna kukaa. Tulikuwa na kombeo na vidonge vya udongo mkavu, madebe yaliyofungwa kwenye kamba, na mikanda ya kaseti iliyotandazwa juu ya mpunga ili upepo uivumishe. Lakini silaha ilikuwa koo. Mikono juu, leso ipepee, na koo.

Nilihamishiwa Chara, chini ya Msimamizi aliyekuwa akilala dunguni na kuamka akitulaumu sisi. Kisha Hewani, kwenye mahindi ya kandokando ya msitu. Huko niliwajua ndege kwa sauti, kwa sababu ndani ya msitu huwaoni. Na msimu mmoja Afisa wa Ndege Waharibifu alinichukua mpaka Bangale, kwenda kutafuta mazalia ya kwelea kwenye migunga, ile miti ya miiba. Njia mbovu, gari tulilisukuma zaidi ya lilivyotubeba. Lakini ni katika safari hiyo Afisa alinipa darubini yake, akasema, "Hebu angalia pale kwenye kijiti."

Nikaangalia. Keremkerem. Si yule wa kijani mnayemwona kila siku. Yule mwekundu, mwekundu wa kitambaa cha harusi, kichwa cha buluu, na mkia wenye manyoya mawili marefu yaliyochongoka. Nilisahau kushusha mikono.

"Huyu naye tunamfukuza?" nikauliza.

"Huyu anakula nyuki na panzi. Huyu mtazame tu."

Lakini nani alikuwa na nafasi ya kutazama? Mshahara wangu ulikuwa wa kufukuza. Nikajiwekea nadhiri kwamba nikistaafu, huyo ndege atakuja kutua uani kwangu, nami nitamtazama nikiwa nimekaa.

Basi nimestaafu. Mwanangu wa Mombasa akaniletea simu yenye kamera nzuri, mashallah. Kikundi cha wapenda ndege cha hapa mjini kikatangaza kwamba kitatoa kalenda ya picha za ndege wa uani, kila picha na jina la mpigaji chini yake. Nikasema hii ni yangu. Nani Garsen nzima anawajua ndege kunishinda mimi? Nilitaka jina langu liandikwe chini ya keremkerem mwekundu, na sikutaka kingine.

Nikachimba kidimbwi cha maji. Nikapanda maua ya kuvutia chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya utamu wa maua. Nikajifunza kukaa na jua mgongoni, kulenga jicho la ndege na si mkia. Wajukuu, hawakuja! Nikifungua mlango tu, shore wanaruka. Nikikohoa, tetere wanahama. Na wakihama, wanahamia wapi? Ng'ambo ya ua wa michongoma unaonifika kiunoni, kwa wifi Zainabu!

Yeye hajui kutofautisha mnana na kasuku. Anakaa barazani na cherehani yake kama alivyokaa siku zote, na ndege wameizoea ile ngurumo. Wanatembea mpaka miguuni pake. Simu yake ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, akichoka kushona anabonyeza. Halafu anakuja kuniuliza mimi, kwa sauti ya asali, "Wifi, huyu wa bluu bluu anaitwaje?" Namtajia, huku roho inanichoma. Nasema wazi, kilikuwa kijicho, na kilikuwa kikubwa. Nilikuwa nalala nacho na kuamka nacho.

Siku moja aliniita uani kwake. Keremkerem mwekundu alikuwa kwenye kamba yake ya nguo, kati ya shuka na kanzu, anamgonga nyuki kwenye kamba kabla ya kummeza.

"Ndege wanakujua, wifi," akaniambia akicheka. "Umewafukuza babu zao, wamepeana habari."

"Piga picha yako unyamaze," nikamwambia.

"Nimepiga. Imetoka na ukungu. Atarudi."

Kesho yake nikafua kila nguo iliyokuwa ndani ya nyumba, hata zilizokuwa safi, nikaanika kwenye kamba yangu. Nikakaa nyuma ya pipa, simu mkononi, nimejikunja mpaka magoti yanalia. Upande wa pili cherehani ilikuwa inanguruma. Jua likapanda. Nikasikia mlio wake kwanza, kisha nikamwona. Akazunguka juu ya kamba ya wifi. Akaiacha. Akatua kwangu! Akatua kwenye kamba yangu, kando ya gauni langu la zamani la kazi, karibu kiasi cha kumhesabia manyoya.

Nikainua simu. Nikalenga jicho.

Na hapo hapo, pembeni ya jicho langu, manjano yakamwagika. Fungu zima la mnana limetua uani kwa Zainabu, kwenye mkeka alioutandazia mpunga. Mpunga! Unaliwa! Na yeye amekaa anaangalia!

Sikuamua chochote. Mikono iliinuka yenyewe, leso ikapepea, simu ikaruka kule. "Hoooi-haa!"

Mnana wote wakainuka. Na keremkerem wangu akainuka nao.

Nilibaki nimesimama katikati ya nguo, mikono juu, mdomo wazi. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"We Fatuma!" Zainabu akasema. "Mpunga ule nimewawekea wao!"

"Ungeniambia!"

"Nikwambie ili uwawekee wewe?"

Niliokota simu yangu, imepiga picha ya mchanga. Yake, pale kwenye kopo la vifungo, alikuwa ameibonyeza niliposimama.

Kalenda imetoka. Mwezi wa Novemba nipo mimi: bibi mzima, mikono juu, leso kama bendera, mnana wa manjano wamenizunguka pande zote, na juu ya kichwa changu, mabawa wazi kabisa, keremkerem mwekundu. Haki ya Mungu sijawahi kuona picha nzuri kama ile. Hata yule Meneja wa Skimu angevua kofia. Chini yake wameandika, "Jirani akifukuza ndege. Picha na Zainabu."

Jirani! Miaka yote ile kwenye dungu, na Chara, na Hewani, na vumbi la Bangale, nimeishia kuwa jirani. Nikachukua plasta ya jeraha, nikalifunika jina lake. Neno "jirani" nikalikata kwa kalamu, nikaandika juu yake: Fatuma, mwamia ndege.

Zainabu alipokuja kunywa chai aliiona ile plasta. Alipomaliza chai aliniomba niende nikasimame tena uani kwake, niwaamie kidogo tu, anataka picha nyingine. Nimemwambia nitafikiria.

Novemba imeshapita. Wageni wakija wanasema, "Bibi, kalenda yako imesimama." Nawaambia wakageuze za kwao.