Daktari Alimdunga Mbwa Wangu Upande wa Kenya, na Mimi Nilipita Njia ya Panya

Msomaji wetu ameomba tufiche jina lake na la kijiji chake. Maneno ni yake mwenyewe.

Admin hujambo, na wa kwako hawajambo? Na nyinyi wote mnaosoma hapa, akina mama, akina baba, na vijana, nawasalimu sana. Sisi huku mpakani tupo. Mama mkwe wangu hajambo, ila macho yamekwisha kabisa. Mwanangu mkubwa yuko Kampala, hajambo, hunipigia akipata nafasi. Binti yangu ameolewa upande wa Bungoma, ana mtoto sasa, wote hawajambo. Mbuzi wetu hajambo, kuku hawajambo. Hao ndio wote. Wiki iliyopita ningemtaja na mwingine.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, nakaa upande wa Uganda, karibu na Busia. Shule niliishia darasa la tatu, mkiona nimekosea mnisamehe. Nauza nyanya sokoni upande wa Kenya, nakwenda asubuhi narudi jioni.

Nilikuwa na mbwa anaitwa Waseme. Hilo jina alimpa marehemu mume wangu, kwa sababu ndugu zake walikuwa wanamsema kwa kuoa mimi Mteso, si wa kabila lao. Alikuwa akimwita kwa sauti wakipita, kisha anacheka. Mume wangu alipokufa watu walijaa hapa, wakalia, wakala, wakaenda. Aliyebaki ni huyo mbwa. Nikiwa sokoni yeye ndiye anakaa na mama mkwe, analala juu ya miguu yake. Mama akitaka kwenda choo anamshika shingoni, wanakwenda pole pole wawili. Hakuna mtu alimfundisha.

Mwezi huu akaanza kujikuna, manyoya yakatoka, chakula hataki. Kwetu tunaamini dawa ya Kenya. Hata ya kichwa tunasema ya Kenya ndiyo inaponya haraka. Kuna daktari wa mifugo upande ule, ng'ombe za watu wengi zinatibiwa na yeye. Nikasema nimpeleke. Lakini pale geti kubwa la mpakani wanauliza karatasi za mnyama, na mimi sina. Nikamfunga kamba, tukapita njia ya panya, ile tunayopita akina mama wote na nyanya zetu.

Tulimkuta daktari anadunga ng'ombe. Alipomaliza akavuta dawa kutoka chupa ile ile. Nikamuuliza, "Daktari, dawa ya ng'ombe na ya mbwa ni moja?"

Akacheka. "Mama, wewe uza nyanya. Mwili ni mwili."

Rafiki yangu Nekesa, tunayeuza naye meza moja, alikuwa amenisindikiza, naye alisikia. Nikanyamaza kwa sababu yule mtu amesoma. Akamdunga.

Hatujafika nyumbani Waseme akaanza kuyumba, mate yanamtoka. Alijikaza mpaka kwa mama, akaweka kichwa pale miguuni, akawa anatetemeka. Jua halijazama alikuwa amekufa. Mama alimpapasa, akaniuliza mbona mbwa amekuwa mzito hivi.

Majirani walisikia nalia wakaja mbio wakidhani ni mama amefariki. Walipokuta ni mbwa wakarudi, na wengine nikawasikia wanacheka njiani. Nilichimba mwenyewe. Nilimfunga na leso yangu ya kujitanda.

Daktari nilimpigia simu, akasema huo ni uzee tu, nitafute mwingine, mbwa wamejaa kila mahali. Sasa nikipiga hashiki. Mimi sitaki anilipe kitu. Nataka asimame mbele ya mkubwa aulizwe ile chupa ilikuwa na nini. Polisi wa kwetu waliniambia kosa limefanyika Kenya, niende huko. Nikaenda. Askari mmoja mwanamke alinisikiliza vizuri, hakunicheka. Alisema kesi inaweza kufunguliwa, lakini mbwa afukuliwe aletwe kwao apimwe kabla hajaoza, na mimi niandikishe maelezo. Halafu akaweka kalamu chini.

"Mama, nitakuuliza mlipita wapi. Ukinitajia hiyo njia, siwezi kujifanya sijasikia."

Nikatoka bila kuandikisha.

Nilimwomba Nekesa awe shahidi. Alipanga nyanya zake kwanza, akapanga tena. "Dada, ng'ombe wangu ana mimba, na daktari wetu ni huyo huyo." Kesho yake alihamia meza nyingine. Na akina mama wa kijijini walikuja kwangu, hawakuja kwa ugomvi, walikaa kwenye mkeka vizuri. Mkubwa wao akasema, "Mwenzetu, njia ikifungwa watoto watakula nini? Kwa ajili ya mbwa?" Wana haki. Mimi pia nakula kwa njia hiyo. Lakini tangu siku ile sokoni hakuna anayeniita tunywe chai. Mwanangu naye nilipompigia aliniambia, "Mama, watu wana shida kubwa kuliko hiyo." Na mama mkwe kila jioni ananyoosha miguu nje ya blanketi, anangoja.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi ambao hamnijui. Nishaurini, nifanye nini? Nimfukue, niitaje njia, daktari aulizwe, na akina mama wote wanichukie? Na huyo mbwa aliyekufa nitampitisha wapi? Au ninyamaze, naye aendelee kudunga wa wengine? Kama kuna anayejua sheria, kama kuna namna ya kumshtaki bila kuitaja njia na bila kusema uongo, aniambie. Nasoma pole pole lakini nitasoma yote, hata ya kunicheka.

Jibuni leo kama mnaweza. Mvua imeanza huku, na nilimzika mahali pa chini.