Karani Aliyeondolewa Kwenye Filamu

Sijawahi kuikasirikia filamu kama nilivyoikasirikia ile, na miezi imepita, hasira haijaisha. Watu wakinisikia wanacheka. Mwanamke mzima, mkutubi wa chuo, ana watoto wa kuamshwa waende shule na maji ya mgao ya kukinga, anajinunia kwa ajili ya filamu ya watu wa sayari nyingine! Wacheke. Lakini wasikie kwanza ilivyokuwa.

Baba yangu alikuja kuishi nami Nzuguni baada ya presha ya macho kumpokonya kuona. Kwa miaka mingi alikuwa mtendaji wa kijiji upande wa Hombolo, mtu wa faili, mhuri na kalamu ya bluu. Kilichomuuma katika upofu hakikuwa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Kilikuwa kukosa kusoma. Redio aliisikiliza mpaka akaichoka.

"Hawa wanarudia neno lile lile tangu asubuhi," alilalamika. "Nisomee kitu, mama." Huniita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake.

Nikamsomea magazeti. Nikamsomea Biblia, ambayo nusu yake anaijua kwa moyo, ikawa kazi yake ni kunisahihisha. Ndipo siku moja nikarudi na kitabu kinene nilichokipata kwenye meza ya vitabu vya mitumba karibu na soko, riwaya ya kisayansi ya Kiingereza, jalada limechanika. Sikukichagua kwa sababu yoyote kubwa. Kilikuwa kinene tu, nami nilitaka kitu cha kutuvusha kiangazi. Kila jioni nikitoka kazini nilikaa naye barazani, nikawa nasoma sentensi moja kimoyomoyo, kisha naitamka kwa Kiswahili. Pale Kiswahili kilipogoma, tulikimbilia Kigogo, lugha ya kwetu.

Hadithi yenyewe ni hii. Watu wamehama dunia wakafika kwenye sayari kavu. Wengi wao wamelazwa usingizi wa baridi ndani ya masanduku, chini ya kilima, kwa kuwa maji yanayokamuliwa kwenye miamba hayawatoshi wote. Kila mwaka yanatosha kuwaamsha wachache. Anayeamua nani aamke ni karani, mama wa makamo mwenye daftari la majina. Humo ndani hakuna mwovu. Hakuna aliyeficha maji. Yupo yeye, lipo daftari, na wapo waliolala. Kuna sura moja ndefu ambamo hafanyi jambo lolote ila kulinganisha majina mawili, la fundi mwashi na la mwanamke anayetunga nyimbo. Anamwandika mwashi. Kisha anakwenda kusimama mbele ya sanduku la yule mwingine, na mwandishi anatuacha pale pamoja naye, kurasa baada ya kurasa.

Nilidhani baba angeichoka sura ile. Nilipoimaliza niliinuka nikasonga ugali, nikarudi na mlenda, nikamnawisha mikono. Hakula.

"Mimi niliwahi kuandika orodha kama hiyo," alisema.

Nikamwuliza orodha ipi.

"Ya mahindi. Mwaka ule mvua ilipotukataa. Lori lilikuja na magunia machache kuliko kaya, nikaambiwa niandike wenye shida zaidi. Kijiji kizima kina shida, unaandikaje wenye shida zaidi? Nikaandika. Kulikuwa na mjane aliyekuwa analea wajukuu wawili. Nilimkata, kwa sababu niliona mbuzi nyumbani kwake."

"Kwani kosa ni nini, baba? Si alikuwa na mbuzi?"

"Hawakuwa wake. Alikuwa anamtunzia shemeji yake. Nilikuja kujua baadaye. Mjukuu mmoja alikuwa ameshafariki. Sijui kama alikufa kwa njaa. Watoto walikuwa wanakufa kwa mengi. Ila najua jina lake halikuwepo, na aliyeshika kalamu ni mimi."

Mtu huyu ndiye aliyenilea. Nilimjua kwa ukali, kwa unyoofu wa mistari aliyopiga kwa rula, kwa tabia yake ya kutokugusa ugali siku nyingine bila kueleza kwa nini. Habari ya mjane sikuwahi kuisikia. Mama yangu alikufa bila kuisikia. Ilitoka siku ile, ikitolewa na karani wa kubuniwa kwenye sayari ya kubuniwa. Sasa mniambie kwamba ni hadithi tu.

Ndipo ikaja filamu ya kitabu kile.

Mhadhiri mmoja kijana wa pale chuoni, mcheshi, mpenda teknolojia, aliandaa onyesho Jumamosi mchana kwenye ukumbi mdogo, na baada yake mjadala: je, filamu imekitendea haki kitabu? Bango lake alilibandika mlangoni mwa maktaba yangu. Lilikuwa na picha ya kijana mwenye misuli, ameshika bunduki, nyuma yake moto. Nikalitazama nikajiuliza huyu ni nani katika kitabu. Sikumpata.

Nilipomweleza baba, akataka kwenda.

"Utaona nini, baba?"

"Sikusema nitaona. Nitasikia. Nawe utaninong'oneza."

Tukakaa mstari wa nyuma, wanafunzi wamejaa mbele yetu na soda zao. Kwa dakika kumi za mwanzo nilikuwa na matumaini. Kilima kilikuwa kile kile. Masanduku yalikuwa mazuri kuliko nilivyoyawaza, yamepangwa kama mizinga ya nyuki, nikamwambia baba hivyo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha bunduki zikaanza.

"Nani anapigana?" baba aliuliza.

"Kijana mmoja askari."

"Wa sura ya ngapi?"

"Hayumo, baba. Wamemtunga."

"Na karani?"

Nikamtafuta karani. Alikuja kuonekana: binti wa miaka ishirini na ushee, kope ndefu, amesimama karibu na kompyuta yenye taa nyekundu. Kompyuta ndiyo inayochagua majina. Yeye anayasoma tu kwa sauti, kisha analia ili askari amfute machozi. Nilimnong'oneza baba, nikaona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya.

Nisiseme uongo, kulikuwa na mahali pamoja pema. Mtu anaamshwa baada ya miaka mingi, anakuta mwanawe aliyemwacha mdogo amekuwa mzee kuliko yeye. Muziki ukakatika. Wakatazamana tu, yule baba kijana akamgusa mwanawe mvi. Ukumbi ukatulia. Baba yangu akanishika kiganja.

"Pamenyamaza. Kuna nini?"

Nikamweleza, na sauti yangu haikuwa imara. Kwa hiyo walikuwa na uwezo. Ndiyo maana siwasamehe. Asiyejua kupika akiunguza wali unamhurumia. Anayejua akaunguza kwa makusudi, kwa sababu anadhani wageni wanapenda ukoko, utamfanyaje?

Maana mwisho wao ulikuwa huu. Inagundulika kwamba maji yalikuwepo siku zote! Jenerali mmoja mwovu aliyaficha ziwani chini ya ardhi. Askari anampiga risasi, analipua mlango, maji yanafoka, masanduku yote yanafunguka, watu wanakumbatiana wamelowa. Wanafunzi wakapiga makofi.

Baba aliuliza, "Makofi ya nini?"

"Maji yamepatikana. Yametosha wote."

Alitoa mkono wake kwenye wangu. "Yametosha," alisema, kama mtu anayerudia neno la lugha asiyoijua.

Pale ndipo damu iliponipanda. Kitabu kizima kimesimama juu ya jambo moja gumu: hayakutosha, na hakuna wa kumlaumu, na bado lazima mtu aandike. Wao wakaleta mwizi. Mwizi ni rahisi. Ukimpata mwizi unampiga risasi unakwenda kulala. Laiti mwaka ule wa lori kungekuwa na jenerali aliyeficha magunia nyuma ya ofisi ya kijiji! Baba yangu angekuwa anakula ugali wake mpaka leo bila kusita.

Mjadala ulipofunguliwa, mhadhiri alisimama na kipaza sauti. Alisema kitabu ni kizuri lakini ni kizito, kina kurasa nyingi ambamo hakitokei chochote, na kwamba waongozaji wa filamu wameokoa kiini chake.

Sikunyoosha mkono. Nilisimama tu.

"Kiini kipi?" niliuliza. "Taja."

"Dada, kiini cha matumaini."

"Kitabu hakina matumaini ya namna hiyo. Kitabu kina mwanamke anayebeba uamuzi wake hadi kaburini. Mmemtoa, mmeweka kompyuta, ili asiwepo wa kuulizwa. Kisha mmeleta maji ya uongo."

"Lakini dada, hii ni filamu," alisema, akitabasamu kwa wanafunzi. "Filamu ni kitu kingine. Huwezi kumkalisha mtazamaji dakika arobaini anamwangalia mama anaandika majina."

"Umeshajaribu?"

Vicheko vikapita. Binti mmoja wa mbele akageuka, akasema kwa adabu, "Samahani mama, mimi nimelia kwa filamu hii. Nayo si kitu?" Nikamjibu vibaya. Nilimwambia hata vitunguu vinaliza. Nalikumbuka jibu lile kwa aibu, maana hakustahili, na pengine alilia mahali pale pale sauti yangu ilipotetemeka.

Na nilikuwa karibu kufanya baya zaidi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme: mnamwona mzee huyu hapa? Mwulizeni yeye orodha ni nini. Sijui alijuaje. Alinivuta gauni, akainuka mwenyewe akishikilia kiti cha mbele.

"Shikamoo mzee," mhadhiri alisema haraka, na ukumbi ukamfuata.

"Marahaba. Mimi sioni, nimesikia tu. Nina swali dogo. Yule karani mmempeleka wapi?"

"Mzee, nadhani waliona wamwondoe ili hadithi iende haraka."

"Iende haraka wapi?"

Mhadhiri alikuwa kijana mwema, nakubali, hakutaka kumkosea mzee mbele za watu. Baba alisubiri jibu kwa muda ambao kila mtu aliuona mrefu, kisha akasema, "Haya, asanteni," akakaa. Mjadala ukaendelea kwa mambo ya kamera.

Njiani kurudi nilikuwa bado nafoka. Nilitaja kila kosa, nikalirudia. Baba aliniacha mpaka tukafika getini.

"Ulitaka kunisema," alisema.

"Nilitaka waelewe."

"Lile la mjane ni langu. Nimekupa wewe. Hata wao wa filamu hawakugusa siri ya mtu, wamechukua cha kitabu tu."

Nikaomba radhi, akasema yamekwisha, lakini sauti yake ilikaa mbali nami siku mbili tatu.

Jumatatu nililibandua bango mlangoni, mhadhiri akanisalimu kwa ubaridi, nami nikamrudishia ubaridi wake. Tumebaki hivyo. Niliandika tangazo langu kwa mkono: kila Alhamisi saa kumi alasiri, maktaba, tunasoma kitabu chenyewe, kwa sauti. Wakaja wanafunzi tisa. Wiki ya pili watano. Yule binti niliyemjibu vibaya alikuwa mmoja wao, nikamwomba samahani mbele ya wenzake. Baba aliomba kuja pia, akawa anakaa karibu na dirisha, mikono juu ya fimbo. Hawakujua lolote juu yake ila kwamba ni baba wa mkutubi.

Tulipofika ile sura ya majina mawili, yule binti ndiye aliyekuwa anasoma na kufasiri. Alisoma mpaka mwisho, akafunga kitabu kwa nguvu.

"Mimi huyu karani simwonei huruma," alisema. "Ni muuaji. Angeweza kukataa kuandika. Anasimama mbele ya sanduku anajisikitikia yeye, si yule aliyelala."

Nilisikia hasira ile ile ikinipanda. Nilikuwa na majibu kumi, yote mazuri, na yote nilikuwa nimeyapanga kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa dirishani. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umeelekezwa kwa binti, umekazana, kama alivyokuwa akimtazama mwanakijiji aliyeleta malalamiko ofisini, enzi macho yake yalipokuwa yanaona.

"Mwanangu," alimwambia, "na kama angekataa, kalamu angepewa nani?"

Binti alifikiri. "Sijui, babu. Labda mtu mbaya zaidi. Lakini yeye angekuwa amekataa."

"Hilo sikuliwaza," baba alisema.

Wale wengine wakaingilia mjadala, huyu anamtetea karani, yule anamshambulia, mmoja akisimama kwenye kiti. Walizozana mpaka mlinzi akaja kugonga mlango anataka kufunga. Nami nikarudi nyumbani na majibu yangu kumi.