Niliua Maneno ya Mkwe, Nikasingizia Umeme

Kosa ni langu, jamani, wala sitafuti wa kumsukumia. Nilishausukumia umeme mara moja, na yaliyonikuta mtayasikia.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta, mtu wa Tanga, nimepangiwa Mbinga. Shule yetu ilipewa mashine moja kubwa yenye skrini nne, watu wanne wanaitumia kwa pamoja. Mfumo wake ni ndugu wa ule niliosomea, ila ndugu wa mbali. Mkuu wa shule akaniuliza kama nauweza. "Nje ndani!" nikajibu. Mungu anisamehe, hata ukurasa mmoja wa maelezo yake sikuwa nimeufungua.

Likizo iliyofuata nilikuwa naunda kompaila, yaani programu ya kugeuza maagizo ya mtu yawe lugha ya mashine. Nilitaka wanafunzi waandike "kama" na "vinginevyo" kwa Kiswahili chao, mashine ielewe. Kichwa kilinivimba!

Kwenye skrini ya pili alikaa mwalimu mwenzangu, nimwite Yustina, ambaye nilikuwa najiandaa kupeleka posa kwao. Baba yake alitoka kijijini Kitura kila asubuhi kuja kumsomea maneno ya Kimatengo, lugha ya huku, aandike. Mzee aliyakusanya kwenye daftari enzi akiwa karani wa kijiji cha ujamaa, watu wa milima mbalimbali walipohamishiwa pamoja na kila mmoja akawa na jina lake kwa kitu kilekile.

Siku ya kwanza Yustina aliniuliza kama wahifadhi kazi yao. Nikamwambia asijisumbue, mashine hii haizimiki.

Siku ya tatu kompaila yangu ikaganda. Kwenye mfumo niliosomea, ukiandika killall na jina la programu, maana yake ni "ua wote wenye jina hili". Nikaandika, nikabonyeza. Kumbe kwa mfumo huu wa shule maana yake ni "ua wote". Basi! Jina halisomwi kabisa.

Skrini zote zikawa nyeusi.

"Yesu na Maria!" Yustina akapiga kelele. "Maneno ya baba!"

Nikaropoka, "Umeme, baba! Umeme wa huku!"

Mzee akainua macho darini taratibu. "Mbona taa inawaka, mwanangu?"

Loo! Aibu niliyoiona siku ile sitaisahau. Nikapiga magoti, nikakiri yote.

Mzee hakugomba. Alirudi ukurasa wa kwanza wa daftari, akanionyesha kiti cha binti yake. "Utaandika wewe. Kila neno utalitamka mpaka nilikubali. Posa tutaizungumza tukimaliza."

Nikashusha pumzi. Daftari moja tu! Ndipo nikamwona Yustina anaficha kicheko, na mzee anatoa madaftari mengine matano kwenye mfuko wake.

Ndugu zangu, mashine ngeni isomeni kwanza, hata kama sura yake ni ya ile mliyoizoea. Na kabla hujasingizia umeme, tazama taa! Mimi sasa nipo daftari la pili, nahifadhi kila baada ya neno. Yustina anasema hana haraka. Mimi ninayo.