Kijitabu Chini ya Birika

Daktari Lamjed alirudi Sfax kutoka kwenye kozi ya maumivu na hofu za wanyama, akatundika cheti ukutani, na kijitabu cha kozi akakiweka chini ya birika la chai. Aliyekisoma ni Dalinda, msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja.

Kesho yake daktari, akinukia manukato kama bwana harusi, alimkaba shingo paka mzee wa Bi Beya. Akang'atwa.

"Mkorofi huyu, mama! Tumchome sindano afe, upumzike."

Dalinda akachuchumaa, akamgusa paka nyonga taratibu. Paka akalia.

"Si ukorofi, Daktari. Nyonga inamuuma. Ukurasa wa nne."

"Ukurasa wa nne wa nini?"

Bi Beya akamfunika paka wake kwa shali. "Dalinda mwanangu, mtibu wewe. Bwana huyu mwachie ukuta wake wenye cheti."