Neno Ambalo Hakulitaja

Miaka ya sabini, kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipopamba moto, nilipelekwa kufundisha kwenye milima ya Tukuyu, mkoani Mbeya. Mimi ni mtu wa Iringa, nimekulia Ipogolo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na ushee, mwenye chaki mfukoni na majivuno tele. Wanafunzi wangu wengi walikuwa na umri wa mama yangu, nami niliwakaripia kama watoto wa darasa la kwanza.

Kulikuwa na somo moja nililolipenda kuliko yote. Naandika neno ubaoni, kila mtu anaeleza kazini kwake linatumikaje. Siku moja niliandika "moto". Fundi wa magari akasema plagi isipotoa moto, gari haliendi hata ulisukume mpaka Kyela. Mwinjilisti akatukumbusha ule wa milele, huku akimtazama mama muuza pombe. Mama muuza pombe akajibu kwamba yeye huo anauogopa kidogo, anachoogopa zaidi ni kuni mbichi. Mkunga akasema kwake moto ni mwili wa mtoto mgonjwa, unaujua kwa kiganja tu. Nilifurahi sana. Neno moja, na kila mtu alikuwa na lake.

Ikafika zamu ya mama mmoja kijana, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Kwangu ni kile cha kuivishia."

"Mama, nimeuliza neno, sijauliza kitendawili," nikamwambia.

Darasa zima halikucheka. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini nilikwisha kugeukia ubao.

Mama huyo ndiye kijiji kilikuwa kimemchagua aende hospitali ya wilaya kujifunza huduma ya kwanza. Alikuwa amezika mtoto kwa homa, zahanati ikiwa mbali, na aliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Nafasi ilikuwa moja. Sharti lake lilikuwa kufaulu mtihani wa kusoma kwa sauti.

Siku ya mtihani, bwana elimu wa wilaya alikaa mezani na muhuri wake, mgeni kule kama mimi. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kujaza fomu. Mama akasoma vizuri mpaka sentensi ya mwisho: "Mtoto akiwa na mwili wa moto, mpeleke zahanati." Alipofika kwenye "wa" akasimama, akameza mate, akasoma, "wa kuchemka, mpeleke zahanati." Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile. Nikaona amekariri kitabu chote, sasa anababaisha. Nikaandika: "Anakisia. Hajui kusoma." Nikamkabidhi bwana elimu, nikatoka nje nikijiona mwalimu mwenye msimamo.

Mkunga alikuwa mlangoni, akanishika mkono.

"Mwalimu, umemwonea. Neno lile limo kwenye jina la baba mkwe wake. Mwanamke wa kwetu hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Hata jikoni analizungukazunguka."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilikwisha kumwona mama yule akiacha njia na kujitosa migombani, kisa baba mkwe wake anapita. Nilicheka siku ile. Haikunijia kwamba heshima ile ilifika mpaka kwenye kitabu changu.

Nikarudi ndani mbio, nikamweleza bwana elimu. Akanisikiliza, kisha akamgeukia mama kwa upole tu.

"Basi litaje mara moja, mama. Mzee yuko kwake huko. Nani atasikia?"

"Nitasikia mimi," akasema.

Nakiri kwamba nilimkasirikia. Nafasi yenyewe ilikuwa pale mezani, kwa silabi mbili tu! Bwana elimu akashusha pumzi. Sheria ni kusoma kwa sauti, akasema, hana la kufanya. Akafungua kidau cha wino, akamsogezea fomu. "Weka dole gumba hapa, mama, kuonyesha umepewa matokeo."

Mama akainama. Kidole chake kilikuwa kimeshapakwa wino, lakini hakukishusha kwenye karatasi. Alikiacha hewani, macho yakienda kushoto na kulia juu ya mwandiko wangu.

"Anakisia," akasoma kwa sauti. "Hajui kusoma."

Akaninyanyulia uso. "Mwalimu, maneno haya ni yako?"

Bwana elimu akaivuta ile fomu, akaichana katikati, akanisogezea nyingine iliyo tupu. Kisha akampa mama kalamu yake, ili safari hii atie sahihi.